Hewa na Dawa Katika Mrija Mmoja

Hivi karibuni nilialikwa kwenye warsha ya wauguzi wapya, nikapewa kiti cha mbele na chupa ya maji, kama wafanyiwavyo wastaafu ili wakae kimya. Mtoa mada, kijana mwenye sauti nzuri, alieleza namna ya kumpa mgonjwa dawa ya kuvuta kupitia mashine ya kusaidia pumzi puani, na sina kasoro ya kumtolea katika hilo. Kisha akatoa mfano. Alisema palikuwa na mzee mmoja wa Ole aliyeikataa dawa kwa imani potofu, na muuguzi mmoja wa zamani aliyemuunga mkono mpaka nusura mzee yule apoteze maisha. Ukumbi ukacheka kidogo. Niliinua mkono. Nikaambiwa kwamba muda umekwisha na chakula kinapoa.

Muuguzi huyo wa zamani ni mimi, Raya, na nilikuwa msimamizi wa wodi alikolazwa mzee huyo mpaka siku nilipostaafu. Kwa kuwa muda wa warsha ulikwisha, nimejitafutia muda wangu mwenyewe. Nawaandikia nyinyi mlioingia kazini juzi na jana, ambao mtashika mirija ileile niliyoishika mimi. Habari za vyeo nilivyopanda, na vile nilivyostahili nisipandishwe, nitawaachia wanaozipenda. Na anayesoma akitarajia kuona naomba radhi mwishoni, asijisumbue kufika huko.

Nilianza kazi wakati oksijeni ilikuwa kitu cha kuja na meli. Mitungi ilishushwa bandarini Wesha, ikapakiwa kwenye gari la hospitali pamoja na magunia ya mchele wa wagonjwa, na ilipofika hakuna aliyekuwa na hakika upi umejaa na upi mtupu. Geji zilikuwa zimekufa. Aliyenifundisha kuitambua ni Bi Zuhura, msimamizi wangu wa kwanza, mwanamke mrefu aliyevaa soksi nyeupe hata katika joto la Februari. Aligonga mtungi kwa spana, akaniambia nisikilize. Uliojaa hutoa sauti nzito, fupi. Mtupu hulia kama kengele. Siku yangu ya kwanza kazini niliitumia yote nikigonga vyuma, na jioni mama yangu aliponiuliza nimejifunza nini hospitali, nilimjibu kwamba nimejifunza ufundi wa gereji.

Bi Zuhura hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini jambo moja alilirudia mpaka tukawa tunalisema pamoja naye kimoyomoyo. Kabla hujamgusa mgonjwa, mwambie unachokwenda kumfanyia. Na ukishamgusa, mwambie ulichomfanyia. Siku moja alinikuta nimemchoma mtoto sindano akiwa amelala, nikijivunia kwamba hakulia. Alinivuta pembeni.

"Mwanangu," alisema, "mgonjwa si gunia la bandarini. Ukimshughulikia bila kumwambia, hujamtibu. Umempakia tu."

Baada ya miaka mingi ya mitungi na sindano tukaletewa nebulaiza: kisanduku chenye pampu inayonguruma, kikombe kidogo kinachoigeuza dawa ya maji kuwa ukungu, na barakoa ya kuufikisha ukungu huo usoni. Kwa wenye pumu ilikuwa faraja kubwa. Lakini barakoa haipendwi na mtu asiyepata pumzi, na mtoto haitaki kabisa. Nakumbuka mama mmoja wa Kojani, aliyevuka maji na mwanawe kifuani akihema kama aliyekimbia. Mtoto aliipiga teke barakoa, akageuka huku, akageuka kule, nasi tukiifuata pua yake kwa mikono miwili bila kuipata. Yule mama alitutazama, kisha akauliza kwa upole kama dari yetu nayo ina pumu, maana yeye aona dawa yote yaenda huko.

Alikuwa na haki. Dawa ya kuvuta si dawa mpaka ifike ndani ya mapafu. Kabla ya hapo ni unyevu tu.

Mashine ya puani tuliipata baada ya janga la korona. Kwa wasioijua: huichanganya hewa na oksijeni, huipasha joto, huitia unyevu kwenye birika lake, kisha huisukuma kwa kasi kupitia mrija mnene unaoishia kwa ncha mbili laini za kuingia puani. Mgonjwa hubaki na mdomo wake, aweza kuzungumza, kula, hata kugombana na jamaa zake. Wagonjwa wetu waliiita feni ya ndani.

Ilikuja na taabu yake. Mgonjwa anayetegemea kasi ile ukimvua ili umvike barakoa ya nebulaiza, pumzi yake huporomoka kabla dawa haijaanza kazi. Basi dawa ikawa haina budi kupita kwenye mrija uleule. Kikombe cha dawa huunganishwa na mashine, ukungu ukapanda hewa iliyokwisha kuwa njiani, na mgonjwa hapotezi pumzi hata moja.

Wapo waliosema, na wangali wakisema, kwamba dawa yote inapotelea njiani. Wamesema nusu ya kweli, na nusu ya kweli ndiyo iliyonichosha kuliko uongo mzima. Dawa hupotea, ndiyo, kwa asiyejali. Hupotea ukikiweka kikombe karibu na pua, ambako hewa inapita kwa fujo. Kiweke upande wa nyuma, kabla ya birika, ukungu upate safari ya kutulia. Hupotea penye kona, kwa hiyo mrija ulale ukiwa umenyooka. Hupotea kwenye maji yaliyotuama ndani ya mrija. Yamwage, na usiyaelekeze kwa mgonjwa. Hupotea zaidi kasi ikiwa kubwa mno. Daktari akiruhusu na mgonjwa akiweza kustahimili, ipunguze wakati wa dawa, na macho yako yasitoke kwenye kipima oksijeni. Kikombe kisimame wima. Ncha zienee puani bila kuziba. Mgonjwa afunge mdomo, na hapa nawatahadharisha kwamba yuko mtu ambaye hajawahi kuwa na la kusema maishani mwake isipokuwa dakika zile. Dawa ikiisha, rudisha kasi ilipokuwa. Kusahau kurudisha kasi ni maradhi ya muuguzi mwenye simu mkononi.

Hayo yote mtafundishwa, na vizuri kuliko nilivyoeleza. Lisilofundishwa ni hili. Nebulaiza ya zamani ilinguruma, na ukungu wake uliuona kwa macho. Kikombe kipya, hiki cha mashine ya puani, hakina sauti. Kimefichika nyuma ya kitanda, ukungu wake unapita ndani ya mrija, na anayelala chali haoni kitu. Kwa mara ya kwanza katika kazi yetu ikawezekana kumpa mtu mwenye akili zake, aliye macho, anayezungumza nawe, dawa aliyoikataa, na asijue. Ukubwa wa jambo hilo haukunijia akilini mpaka Ramadhani.

Kwetu watu wengi wamelelewa wakijua kwamba kitu chenye umbo kikipita puani kikafika ndani, funga imeharibika, na kwamba hewa haimo katika hukumu hiyo. Kuhusu dawa za kuvuta mashehe wamekhitilafiana, na si kazi ya muuguzi kuwaamulia. Matokeo yake wodini ni kwamba mgonjwa mwenye funga utamkuta amekubali mrija, kwa sababu ni hewa, na amekataa kikombe, kwa sababu ni dawa. Wengi hukubali kufungua wakielezwa, maana ruhusa ya mgonjwa inajulikana na kila mtu. Baadhi hawakubali.

Mwaka ninaousimulia, Ramadhani ilipoanza nilikuwa msibani, nimemzika dada yangu. Niliporudi kazini nilimkuta Mzee Shaame kwenye kitanda cha dirishani. Alikuwa mkulima wa mikarafuu kutoka Ole, mtu mkavu, mwenye kofia iliyofumwa kwa ustadi na kifua kilichoharibiwa na tumbaku aliyoiacha akiwa amechelewa. Hakuwa shehe, wala hakujidai. Alikuwa kwenye mashine ya puani na alikuwa amefunga. Dawa alikuwa akipewa baada ya kufuturu na kabla ya daku kumalizika, na ndivyo ilivyoandikwa kwenye faili lake.

Nilipompa salamu aliniitikia vizuri, akanipa pole ya msiba kwa maneno mafupi mafupi, kwa kadiri pumzi ilivyomruhusu. Kisha akaniuliza.

"Bi Raya, hewa huwa chungu?"

Nilimuuliza anakusudia nini. Akasema tangu juzi, kabla ya adhuhuri, hewa ya mashine humwachia uchungu kooni, na kwamba kijana Rashid amemwambia ni hewa tu. Akaongeza kwamba yeye si mtu wa kulalamika, lakini hewa ya Ole haina ladha.

Nilimwambia nitakwenda kuuliza na nitarudi. Yeyote aliyewahi kuishika dawa ile anaijua ladha yake.

Rashid alikuwa muuguzi kijana, mwema, mwenye mikono mepesi, naye alikuwa amefunga kama sisi sote. Sikuwa na haja ya kumbana. Alinieleza mwenyewe, tena kwa uso mkunjufu, kama mtu anayeeleza jambo jema alilofanya. Mchana kifua cha mzee kilikuwa kikizidi kubana. Mwanawe, Haji, mwalimu wa shule, alikuwa amemwomba: mtilieni tu, hatajua. Na Mfawidhi, mkuu wa hospitali, alikuwa amelibariki. Hoja yao ilikuwa ya watu wanaoijua dini, na ndiyo maana ilikuwa ngumu. Mtu akiingiziwa kitu bila kujua wala kutaka, funga yake haiharibiki. Kwa hiyo ukimtilia kimya kimya, umemwokoa na umemwachia funga yake. Ukimwambia, umemlazimisha achague. Kimya ndiyo rehema.

Nakiri kwamba hoja hiyo ni nzuri. Nimewahi kuwasikia watu wa mbali wakisema kwamba wauguzi wetu walidanganya kwa kutojua. Si kweli. Walidanganya kwa elimu.

Nilikuwa bado nazungumza na Rashid, Mfawidhi akaingia pamoja na Daktari Neema. Daktari huyu alikuwa Mkristo, mzaliwa wa Mbeya, hodari, na mambo ya funga alikuwa ametuachia sisi wenyeji kwa adabu. Adabu yake ilitumiwa vibaya: alikuwa ameambiwa kwamba mzee amekubali dawa ya mchana. Alikuja kuniambia kwamba kipimo cha oksijeni cha mzee kinashuka na dawa itolewe sasa hivi. Nilisema nitaitoa mgonjwa akishaambiwa. Mfawidhi akanishika bega, akanitoa mpaka kwenye baraza, na Daktari akatufuata.

"Bi Raya, tuelewane," alisema Mfawidhi. "Mzee hajui. Asiyejua, funga yake iko palepale. Weye ukenda ukamwambia, ndiwe utakayemfunguza."

"Asiyejua ni yeye, Bwana Mfawidhi. Sisi tunajua."

"Kwa hivyo wataka afe na funga yake safi?"

"Nataka aulizwe."

"Akikataa?"

Daktari Neema alikuwa akitugeukia mmoja baada ya mwingine.

"Samahani," alisema. "Kwani mgonjwa mwenyewe amesemaje?"

Mfawidhi akamjibu kwamba hayo ni mambo yetu, yeye hatayafahamu. Daktari akasema kifua anakifahamu, na kama mgonjwa wake amekataa dawa basi yeye ndiye wa kwanza aliyepaswa kuambiwa. Tukamwacha Mfawidhi barazani akitafuta namba kwenye simu yake, sijui ya nani.

Naliandika linalofuata kama lilivyokuwa, kwa sababu hapa ndipo warsha zinapopotoka.

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Haji alikuwa amesimama upande wa pili.

"Mzee Shaame, uliniuliza kuhusu hewa. Hewa si chungu. Uliyoionja ni dawa."

Hakushtuka. Alivuta pumzi mara kadhaa kwanza.

"Tangu juzi?"

"Tangu juzi."

"Na nkauliza, nkaambiwa hewa."

"Ndiyo."

Akamgeukia mwanawe. "Na weye ulijua?"

Haji alianza kueleza ile hoja, kwamba asiyejua hana lawama, kwamba hata funga mbili zile hazikuharibika, kwamba wamemlinda. Alieleza vizuri, kimwalimu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kama mtu anayekubali hesabu.

"Sawa," alisema. "Funga haikuharibika. Lakini mie sikuwaombeni uongo wa kuilindia."

Kisha akainua mkono, akautoa mrija puani, akauweka juu ya shuka.

"Toeni. Sasa siamini hata hewa."

Kengele ya mashine ililia. Nikaizima kengele. Haji akaukamata mrija aurudishe kwa nguvu, nami nikamshika mkono. Taarifa ya hospitali inasema kwamba hapa nilimzuia ndugu wa mgonjwa asimsaidie mgonjwa. Ni kweli, nilimzuia. Mtu aliyetoka kudanganywa kwa mrija hawezi kurudishiwa imani kwa kukamatwa na kuchomekwa mrija huohuo. Midomo ya mzee ilikuwa imeanza kubadilika rangi, shingo ikivuta.

Nilikwenda nyuma ya kitanda, nikakichomoa kikombe cha dawa, nikakifunika, na tundu lake kwenye mashine nikaliziba kwa kifuniko chake. Nikaja nacho mbele. Kitu kile hakitoshi kujaza kiganja. Nikamwonyesha mahali kilipokuwa, nikamwonyesha njia ya hewa kutoka ukutani mpaka kwenye birika mpaka kwenye mrija, nikamwambia dawa haina njia nyingine ya kuingia isipokuwa hiki. Nikakitia kwenye kopo safi lenye mfuniko, nikamkabidhi mkononi. Kisha nikaishika ncha ya mrija mbele ya shavu lake ili aisikie.

"Hii hewa," nilimwambia. "Dawa unayo wewe. Hakuna wa kukutilia mpaka uitoe mwenyewe."

Alilitazama kopo. Alilitikisa. Akalitia chini ya kwapa, kama mtu anayehifadhi mfuko wa pesa sokoni, kisha akaurudisha mrija puani kwa mikono yake mwenyewe. Daktari Neema, aliyekuwa amekwisha kuagiza vifaa vya dharura, aliwaashiria waliovileta wangoje mlangoni.

Kipimo kikapanda kidogo, kikasita. Hewa peke yake haikutosha, na sasa ilikuwa zamu ya kulisema hilo nalo. Nilimwambia kwamba kifua kimefunga, kwamba bila dawa simtarajii afike magharibi akiwa na nguvu ya kuvuta pumzi mwenyewe, na kwamba ruhusa ya mgonjwa anaijua vizuri.

"Naijua," alisema. "Ile ruhusa n'yangu. Nimepewa mie. Nyinyi mliichukua mkaitumia, mie sina habari."

Tulikaa. Daktari alisimama upande wa kichwani, vidole kwenye kifundo cha mkono wa mzee, akihesabu mapigo bila kuuliza kitu. Adhana ya alasiri ilitolewa msikiti wa jirani. Mzee alisali alipo, kwa kuinamisha kichwa, na katika maisha yangu sijaona sala ndefu kama ile. Alipotoa salamu, alimwomba mwanawe maji. Haji alidhani amesikia vibaya, akabaki amesimama. Mzee akamwonyesha gilasi kwa kidole.

Akanywa funda moja.

"Nimefungua mwenyewe," alisema. "Isije ikasemwa Shaame kafunguzwa na mashine." Kisha akalitoa kopo kwapani, akaninyooshea. "Haya, Bi Raya. Tia."

Nilitia. Daktari alipunguza kasi, nikaunyoosha mrija, nikamwaga maji yaliyotuama, nikamwambia afunge mdomo. Akaufunga, na kwa muda wote wa dawa alinitazama usoni kuona kama nina jambo jingine ninaloficha. Kufikia magharibi alikuwa amekaa, ameegemea mto, akimlaumu Haji kwa uji wa futari uliokosa chumvi.

Hicho ndicho kisa cha imani potofu. Mzee yule hakuikataa dawa. Aliikataa dawa isiyo na jina. Alipotajiwa jina lake na hatari ya kuikosa, aliamua kwa muda mfupi kuliko wanavyoamua wengi wetu kununua kitambaa. Na anayesema kwamba aliteseka bila dawa kwa sababu yangu, aeleze pia ni nani aliyemfikisha mahali pa kuogopa hewa.

Taarifa iliandikwa. Ilisema nilichelewesha tiba, nilizua taharuki wodini, na nilimwachia mgonjwa kifaa cha tiba kinyume cha kanuni za usafi. Niliitwa, nikawekewa mbele karatasi ya majuto, imekwisha kuchapwa, imebaki sahihi. Niliisoma mara mbili kwa sababu ni kawaida yangu, nikairudisha ikiwa nyeupe pale palipotakiwa jina. Nilisema kuhusu usafi niko tayari kusahihishwa. Kikombe kinaoshwa, kinachemshwa, na kopo lina mfuniko. Kuhusu taharuki, nilisema taharuki ilikuwepo tangu juzi yake, ila alikuwa nayo mtu mmoja tu, yule asiyeambiwa. Kuhusu kuchelewa, nilisema ndiyo, nilichelewa, na nitachelewa tena. Mfawidhi akaniuliza kama natambua kwamba nimebakiza muda mfupi kustaafu. Nikamwambia ndiyo sababu naongea polepole, nisirudie.

Nilipewa onyo. Nimelihifadhi pamoja na vyeti vyangu, kwa mpangilio wa tarehe.

Tangu siku ile mpaka nilipoondoka, katika wodi yangu mgonjwa mwenye funga alikaa na kopo lake pembeni. Nasikia sasa utaratibu huo umefutwa. Wafute kopo, si hoja; kanuni za usafi zina wenyewe. Lakini kilichokuwa ndani ya kopo ni haki ya mtu kujua kinachopita puani mwake, na hiyo haikutolewa na ofisi ile, kwa hiyo ofisi ile haiwezi kuifuta. Mgonjwa akikuuliza, mwambie. Asipouliza, mwambie. Ukiona kwamba hawezi kuambiwa, tafuta daktari, tafuta jamaa, tafuta maneno mengine, lakini usitafute kona ya nyuma ya kitanda. Mashine zitazidi kuwa kimya mwaka hadi mwaka. Nyinyi msiwe kimya pamoja nazo.

Limebaki la Rashid, ambalo wenye taarifa hawakuliuliza.

Rashid alikwenda kumtaka radhi mzee siku ileile, baada ya tarawehe. Mzee alimsikiliza, akageukia dirishani. Siku zilizofuata alikuwa akipokea chochote kutoka mikononi mwa Rashid, shuka, maji, kipima joto, bila kumwambia neno, na kila mrija ulipobadilishwa na Rashid, mzee alilifungua kopo kwanza, akachungulia kama kikombe kimo, ndipo akakubali. Kijana alikonda. Aliniomba nimhamishie upande wa pili wa wodi. Nilikataa. Nilimwambia kwamba hapa ndipo alipoharibu, na hapa ndipo atakapofanya kazi.

Karibu na sikukuu, mzee akiwa anakaribia kuruhusiwa, nilikuwa kitanda cha pili nikimfunga mgonjwa kidonda. Rashid alikuja na mrija mpya. Alisimama mbele ya mzee, mahali pa kuonekana, akauinua mrija wote.

"Mzee, hii hewa tu. Dawa bado."

Kopo lilikuwa juu ya kabati, mkono wa mzee ungelifikia. Mzee Shaame alimtazama Rashid. Alimtazama muda mrefu, mpaka kijana akataka kuuinamisha uso, asiuinamishe. Kisha mzee akainua kidevu, akampa pua.